Mtu wa Pwani na Mfuko wa Kulalia: Niliyojifunza Magamba na Kilimanjaro

Sisi tuliozaliwa Tanga baridi tunaijua kwa jina la kipupwe. Miezi ya Juni, Julai na Agosti, upepo wa kusi unapovuma, watoto huvishwa sweta asubuhi wakienda shule, wazee hukaa barazani wamejitanda shuka, na usiku kanga moja haitoshi tena kujifunika. Hata hivyo, joto la usiku wa kipupwe hapa mjini mara nyingi huwa karibu nyuzi 20, au zaidi. Nilikulia katika baridi hiyo, Ngamiani, katika nyumba ambayo mito na magodoro yake yote yalijazwa sufi, na nilifikisha umri wa miaka 34 kabla sijalala usiku hata mmoja mahali ambapo mtu huiona pumzi yake mwenyewe.

Naandika haya kwa ajili ya mwenzangu wa Pwani anayejiandaa kwenda kulala kwenye hema huko Lushoto au Kilimanjaro, na hasa kwa ajili ya mwanamke mwenzangu. Maelezo mengi ya mifuko ya kulalia humchukulia msomaji kuwa amekua ndani ya baridi, na kwamba kabati lake liko kwenye nyumba kavu. Sisi hatukukulia huko, na nyumba zetu hupumua hewa ya bahari mwaka mzima.

Safari yangu ya kwanza ilikuwa ya Julai, katika msitu wa Magamba ulio juu ya mji wa Lushoto. Nafundisha jiografia katika shule ya sekondari mjini Tanga, na mwaka ule tuliwapeleka wanafunzi wa kidato cha tatu kujifunza habari za misitu ya asili na vyanzo vya maji vya Usambara. Wiki moja kabla ya safari nilikwenda kwenye gulio la mitumba, nikachagua mfuko wa kulalia kama mtu anayechagua blanketi: niliinua mmoja mmoja mkononi, na ule uliokuwa mzito kuliko yote ndio nilioununua, kwa kuwa niliamini uzito ndio joto. Ulikuwa umejazwa polista, umetumika miaka mingi, na ujazo wake ulikuwa umeshikana na kulala bapa. "Dada, huu wenzetu wanalalia kwenye theluji," muuzaji aliniambia, nami nikaridhika.

Mombo tuliposhuka kununua maji, mashati yalikuwa yamegandamana na migongo kwa jasho. Basi likaanza kupanda kona za Soni, na madirisha yakafungwa moja baada ya jingine bila mtu yeyote kuambiwa afunge. Tulipofika Magamba ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye vichwa vya miti. Usiku nilitandika mkeka wa ukili ndani ya hema, nikatandaza mfuko juu yake, nikaingia nikiwa na suruali ya michezo na sweta. Saa nane niliamka natetemeka. Baridi haikuwa inatoka juu, nilikoitegemea. Ilikuwa inapanda kutoka ardhini, inashika nyonga na mabega, na kila nilipogeuka ilinikuta upande wa pili. Katika hema la jirani nilisikia wasichana wawili wakilia kimyakimya. Niliwachukua wote wanne waliokuwamo, tukabanana katika hema moja mpaka adhana ya alfajiri iliposikika kwa mbali kutoka bondeni.

Asubuhi mzee mmoja wa Kisambaa, aliyekuwa akilinda eneo la kambi, aliutazama mkeka wangu, akaubonyeza kwa kidole, akasema: "Mwalimu, juu umejifunika, lakini chini umelala uchi." Jioni ile alituletea mizigo miwili ya majani makavu ya migomba kutoka kijijini, tukayatandaza nene chini ya mikeka, na usiku wa pili, ingawa baridi ilikuwa ileile na mifuko ni ileile, wanafunzi wangu walilala hadi kulipokucha. Sijasahau usiku ule wa pili, kwa sababu ndio ulionionyesha kwamba nilikuwa sijaelewa hata kitu chenyewe ninachokinunua.

Mfuko wa kulalia hautoi joto. Joto ni la mwili wako, na kazi ya mfuko ni kulizuia lisiondoke; na kinachozuia si kitambaa wala uzito, bali ni hewa iliyotulia katikati ya nyuzi au manyoya. Bibi yangu alilijua jambo hili bila kulisomea. Kila baada ya miezi michache alikuwa akitoa mito ya sufi uani, akaianika juani, kisha akaipiga kwa fimbo nyembamba mpaka ile sufi iliyoshikana iachane na mto uumuke upya. Mto uliolala bapa na mto ulioumuka vina sufi ileile, kwa uzito uleule; tofauti yake ni hewa iliyomo ndani. Ndiyo sababu mfuko wangu mzito ulikuwa na baridi: ulikuwa umekufa, hauumuki tena. Na ndiyo sababu hata mfuko mzuri haukusaidii sana upande wa chini, maana ujazo ulio chini ya mgongo wako hubanwa na uzito wako mwenyewe, hewa ikatoka, ukabaki na kitambaa tupu juu ya ardhi baridi.

Kwa hiyo kitu cha kwanza nilichonunua niliporudi Tanga hakikuwa mfuko, bali godoro jembamba la sponji ngumu, la aina ambayo vijitundu vyake vimefungwa, havipitishi maji na havibonyei hadi mwisho. Mkeka wa ukili, ninaoupenda na nilioulalia utotoni, umesukwa ili upitishe hewa, nasi watu wa joto tunaushukuru kwa hilo. Milimani sifa hiyohiyo ndiyo inayokutesa. Magodoro yanayouzwa kwa ajili ya kambi hupimwa kwa kipimo kinachoitwa thamani ya R, na kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo linavyozuia joto kukimbilia ardhini. Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba unaweza kuweka magodoro mawili, moja juu ya jingine, na thamani zake zikajumlishwa. Mahali maji yanapoganda, mimi sishuki chini ya 4.

Baada ya hapo ndipo nilipoanza kuuliza habari za manyoya ya bata. Watu wengi wanaposikia neno manyoya hufikiria unyoya wa bawa, wenye uti katikati. Huo sio unaotafutwa. Chini ya manyoya ya nje, kifuani na tumboni mwa bata wa kawaida na bata bukini, kuna vinyoya visivyo na uti, vidogo, vilivyotawanya nyuzi zake pande zote kama mbegu ya sufi inayopeperuka. Kila kimoja hushika hewa nyingi kuliko uzito wake unavyoweza kukufanya uamini, na ukikibana kikawa kama si kitu, ukikiachia huumuka tena. Hakuna ujazo wa kiwandani niliowahi kuushika unaotoa joto sawa na hilo kwa uzito mdogo kiasi hicho na ukabanika ukaingia pembeni mwa begi.

Ubora wa vinyoya hupimwa kwa uwezo wake wa kuumuka. Huchukuliwa aunsi moja, yaani kama gramu 28, huwekwa ndani ya chombo cha mviringo, na hutazamwa imejaza inchi za ujazo ngapi. Vinyoya vya 600 hujaza karibu lita 10. Vya 800 hujaza lita 13 na zaidi. Namba hiyo ndiyo huandikwa kwa herufi kubwa kwenye mifuko, na hapo wengi hukosea, kama nilivyokosea, kwa kuichukua kuwa ndiyo kiasi cha joto. Haikuelezi joto la mfuko. Inakueleza ubora wa kilichomo. Mfuko wenye gramu 300 za vinyoya vya 800 utakuwa na baridi kuliko wenye gramu 700 za vinyoya vya 650. Ni lazima uulize mambo yote mawili: ni vizuri kiasi gani, na vimewekwa gramu ngapi.

Kwa miezi mitatu nilikuwa nakwenda kwenye magulio kila Jumamosi, kwa sababu mfuko mpya wa manyoya ulikuwa mbali na mshahara wangu, na katika marobota ya mitumba mifuko hiyo huonekana mara mojamoja. Nilijifunza kuikagua kwa mkono. Kwanza nautoa wote kwenye kimfuko chake na kuutandaza, kisha naondoka, nazunguka meza nyingine kwa nusu saa. Nikirudi naangalia umeumuka kiasi gani. Usioumuka baada ya nusu saa ya hewa na mtikiso siutaki, hata kwa bei ya kutupa. Halafu nashika chumba kimojakimoja kati ya mishono na kukisugua taratibu kwa vidole: vinyoya vizuri huhisi kama umeshika hewa yenye uzito kidogo, ilhali vinyonge hukuchoma kwa viuti. Nikikuta bonge gumu, najua limewahi kulowa likakauka vibaya. Nainua kitambaa kuelekea jua, na pale ambapo mwanga unapita bila kuzuiwa hapana kitu ndani, ni nailoni tupu. Mwisho naunusa. Harufu hafifu ya bata si tatizo, lakini harufu ya chumba kilichofungwa wakati wa masika ni ya ukungu, na ukungu ukishaingia ndani ya manyoya ni kazi kubwa kuutoa.

Pia natazama mishono yenyewe. Mifuko ya bei nafuu hushonwa moja kwa moja, kitambaa cha juu kikagusana na cha chini, na kila mstari wa uzi unakuwa mstari wa baridi. Mifuko ya baridi kali huwa na kuta ndogo za kitambaa ndani, zinazotenganisha tabaka la juu na la chini ili manyoya yaumuke bila kuminywa. Ukiingiza kidole gumba upande mmoja wa mshono na cha shahada upande wa pili, utaihisi ile nafasi iliyopo kati yake. Nyuma ya zipu pawe na mrija mnene uliojaa manyoya, la sivyo upepo hupita katikati ya meno usiku kucha. Na shingoni pawe na kola ya kukaza kwa kamba, maana kila unapogeuka, hewa uliyoipasha moto kwa masaa hutoka kwa mpigo mmoja kupitia mabegani.

Mfuko nilioupata hatimaye ulikuwa na karibu yote haya. Lebo yake ya ndani ilikuwa na namba tatu, na ile kubwa, ambayo muuzaji alinisomea kwa sauti, ilikuwa nyuzi 25 chini ya sifuri. Nililipa shilingi 85,000 na kurudi nyumbani nikiwa na hakika kwamba hakuna mlima Tanzania utakaonishinda.

Sikuisoma ile lebo vizuri, na jambo hili ndilo ninalotaka mwenzangu alishike kuliko mengine yote. Mifuko inayopimwa kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 23537, kilichochukua nafasi ya kile cha Ulaya cha EN 13537, hupimwa kwa sanamu ya mtu yenye vipasha joto na vihisio, iliyovalishwa nguo nyepesi na kulazwa juu ya godoro ndani ya chumba baridi. Kutokana na vipimo hivyo hukokotolewa namba kadhaa, na tatu kati yake ndizo zinazohusu baridi. Ya kwanza ni kiwango cha kulala raha, na kimewekwa kwa kumfikiria mwanamke wa kawaida aliyelala kwa kujinyoosha. Ya pili ni kikomo, kilichowekwa kwa kumfikiria mwanamume wa kawaida aliyejikunyata, anayeweza kulala kwa muda wa saa nane bila kuamshwa na baridi. Ya tatu ni kiwango cha hatari: hapo mwanamke wa kawaida anatarajiwa kukaa saa sita bila kufa kwa kupoa mwili, ingawa anaweza kuumizwa na barafu vidoleni. Hiyo ndiyo namba niliyosomewa. Niliununua mfuko kwa namba ya kutokufa, nikidhani ni namba ya kulala. Kiwango changu mimi, cha kulala raha, kilikuwa nyuzi 1 tu chini ya sifuri, na kikomo kilikuwa nyuzi 7 chini ya sifuri.

Juni iliyofuata nilipanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame. Kila mwaka nawafundisha wanafunzi kwamba joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda, nao hukokotoa ubaoni. Ningekaa nikakokotoa kwa ajili yangu mwenyewe, ningeona kwamba Tanga ikiwa na nyuzi 25, kambi ya Barafu, iliyo juu ya mita 4,600, iko karibu nyuzi 5 chini ya sifuri, na hapo hujahesabu upepo wala usiku ulio wazi bila mawingu. Kambi ya kwanza, msituni, nililala kama niko nyumbani. Shira niliongeza soksi. Kambi ya Karanga, karibu mita 4,000, nilikesha.

Nakumbuka usiku ule kwa vitu vidogo. Mvuke wa pumzi yangu ulikuwa umeganda upande wa ndani wa hema, na kila upepo ulipotikisa kitambaa chembe za barafu zilinidondokea usoni. Mgongo, safari hii, haukuwa na baridi, kwa sababu nilikuwa na magodoro mawili. Baridi ilikuwa miguuni na mabegani, na nilikuwa mfupi kwa mfuko ule, kiasi kwamba chini ya nyayo zangu palikuwa na nafasi tupu ambayo mwili wangu ulihangaika kuipasha moto usiku kucha bila kuiweza. Nikaona bora niingize kichwa chote ndani na kupumulia humo. Lilikuwa kosa jingine: asubuhi vinyoya vya kifuani vilikuwa vimenyonya mvuke na kunywea, na manyoya yaliyolowa hayashiki hewa.

Kiongozi wetu, kijana wa Kichaga mwenye maneno machache, aliutandaza mfuko wangu juu ya jiwe lenye jua mara tu lilipochomoza, akaugeuza ndani nje, akauacha hapo mpaka tulipomaliza kunywa chai. "Dada, huu si mbaya," alisema, "ila si wa hapa." Kisha akanionyesha mambo ambayo wao huyafanya kila siku. Jioni ile, Barafu, alinitaka nile wali wote niliowekewa hata kama sina hamu, kwa kuwa mwili usio na chakula hauna cha kuchoma. Akanijazia chupa ya maji ya moto, tukaivika soksi, nikaiweka miguuni. Koti na suruali ya ziada tukavisukumia kwenye ile nafasi tupu chini ya nyayo. Na uso nikauacha nje, kichwa kikiwa na kofia ya sufu. Nililala kuanzia saa moja jioni hadi saa tano usiku, tulipoamshwa kujiandaa kwa safari ya kileleni. Ulikuwa usingizi mzuri kuliko wa Karanga, ingawa tulikuwa juu zaidi na kwenye baridi kali zaidi, kwa mfuko uleule.

Hata hivyo, siwezi kumshauri mtu ategemee chupa ya maji ya moto kufidia mfuko usiotosha. Kwa usiku wa Karanga na Barafu, mwanamke wa Pwani atafute mfuko ambao kiwango chake cha kulala raha, si kikomo wala kile cha hatari, kiko nyuzi 9 chini ya sifuri au chini zaidi ya hapo. Asipoweza kuununua, aukodi Moshi, na kabla ya kulipa auombe utandazwe, aukague kwa mkono kama nilivyoeleza. Kwa Magamba au Mtae, kiwango cha nyuzi 5 juu ya sifuri kinatosha kabisa, na huko, kwa ajili ya wanafunzi, sasa nachagua polista nzuri isiyochoka: ni nzito, lakini ukungu wa Usambara hulowesha kila kitu, na polista iliyolowa bado hutunza joto kiasi na hukauka upesi. Manyoya yana sifa nyingi, ila kwenye unyevu si ya kutegemewa, hata yale yaliyotiwa dawa ya kukinza maji.

Kuhusu uzito, kuna jambo jingine nililoliona mlimani. Kanuni za hifadhi zinataka mzigo wa mpagazi usizidi kilo 20, na nilimwona kijana aliyebeba wangu akipanda ukuta wa Barranco akiwa ameuweka kichwani, mkono mmoja ukishika mwamba. Mfuko wangu wa manyoya haufiki kilo moja na nusu. Ule wa kwanza wa polista ulikuwa karibu kilo tatu. Kabla ya hapo nilidhani wepesi ni anasa ya mwenye fedha. Pale nilitambua kwamba uzito ninaouchagua dukani utakaa kwenye shingo ya mtu mwingine.

Nilirudi Tanga Juni ile, nikaubana mfuko kwenye kimfuko chake, nikautia kwenye sanduku chini ya kitanda. Haukuguswa mpaka Mei, masika yakiwa katikati. Nilipoufungua ulinuka kama nguo zilizosahauliwa kwenye beseni, kitambaa kilikuwa na madoa ya ukungu, na manyoya yalikuwa yamejikusanya mabonge. Nilikaa kitandani nikiushika nikaumia sana, kwa maana mlima haukuuharibu, niliuharibu mimi kwa kuuficha.

Nilisubiri hadi Januari, kaskazi ilipokausha hewa, ndipo nikaufua. Nilitumia beseni kubwa, maji ya vuguvugu na sabuni laini ya maji kidogo sana, kwa kuwa sabuni kali ya unga huondoa mafuta ya asili ya vinyoya, navyo vikikosa mafuta huwa vikavu na kuvunjika. Sikuusokota, niliukandamiza kwa viganja, nikabadilisha maji mara sita hadi povu likaisha. Mfuko uliolowa ni mzito ajabu na kuta zake za ndani huchanika kwa urahisi, kwa hiyo mimi na mdogo wangu tuliupakata kutoka chini kwa mikono yote minne, kama watu wanaoinua mgonjwa. Tuliufungia chandarua kikuukuu kwenye nguzo nne za uani, tukautandaza juu yake ili hewa ipite chini na juu. Siku ya kwanza ulionekana umekufa: kitambaa kimegandamana, na humo ndani vibonge vya ukubwa wa kunde. Mama alikaa nao kwenye kigoda chake, akavichambua kimoja kimoja kwa vidole kupitia kitambaa, kama alivyokuwa akichambua sufi na mbegu zake. Aliniuliza kama bata wale walichinjwa kihalali au la, swali ambalo sikuwa na jibu lake. Tangu hapo, nikiwa kambini, mswala wangu natandika mbali na mfuko. Na kwa mnunuzi wa mfuko mpya, alama ya RDS (Responsible Down Standard, yaani kiwango cha uwajibikaji katika kupata manyoya) inamaanisha angalau kwamba bata hawakunyonyolewa wakiwa hai.

Kila siku tuliuingiza ndani kabla ya magharibi, kwa kuwa hewa ya bahari hurudisha usiku unyevu wote uliotolewa mchana. Siku ya tatu ulianza kuumuka pembeni. Siku ya tano, alasiri, mama aliupiga kidogo kwa upande wa mkono, ukainuka, akacheka.

Sasa haukai tena kwenye kimfuko chake. Fundi cherehani wa mtaani alinishonea mfuko mpana wa kitambaa cha merikani, unaopumua, na humo mfuko wa kulalia umekaa kwa nafasi, umening'inia kwenye ndoano darini bila kugusa ukuta. Wakati wa masika nautoa kila baada ya wiki mbili, siku yoyote jua likitoka, naukung'uta na kuurudisha. Kwa ndani nalalia kanga mbili zilizoshonwa pande tatu zikawa kama foronya ndefu. Haziongezi joto la kuhesabika, ila huzuia jasho na mafuta ya mwili yasiingie kwenye manyoya, nazo hufuliwa kila safari wakati mfuko wenyewe haufuliwi.

Mwezi ujao mpwa wangu anapanda mlima kwa njia ileile, na nimempatia mfuko mwingine, wenye kiwango cha kulala raha cha nyuzi 9 chini ya sifuri, mfupi unaolingana na kimo chake. Jana alikuja kuuchukua akiwa na begi lake. "Shangazi, niubane sasa nione kama unaenea?" Nilimwambia aubane mara moja tu, aone, kisha autoe, autundike, na asiubane tena mpaka asubuhi ya kwenda kituo cha basi.